Raundi ya mwisho ya jioni, na adabu ya kuiomba

Swali: Assalaam alaikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Malindi. Dada yangu aliyeolewa Florida, Marekani, ametualika Desemba, na ameahidi kutupeleka Walt Disney World, zile bustani kubwa za burudani. Wanangu wakubwa, wa miaka 14 na 11, wanakesha kwenye simu wakitazama video za watu wanaoviziana saa ya kufunga: nani atapanda wa mwisho, nani atapewa kiti cha mbele kabisa, nani ataachwa azunguke mara ya pili bila kushuka. Tayari wamegawana kazi, mmoja akimbie kushika nafasi, mwingine ambembeleze mhudumu. Shemeji yangu anasema huko ndivyo wanavyofanya wote, asiyechangamka hupitwa. Mimi naona haya. Idi iliyopita hapa nyumbani nusura wapigane na watoto wa jirani kwa sababu ya raundi ya mwisho ya pembea. Adabu ni ipi? Na kama zawadi hizo zipo kweli, tutazipataje bila kujiaibisha? Kitinda mimba wangu ana miaka mitano, naye anataka kila wanachotaka kaka zake.

Jibu: Wa alaikum salaam, dada yangu. Zawadi hizo zipo, simu haikuwadanganya wanao. Ila hazitolewi kwa namna wanavyodhani, na mimi nitakueleza kutoka upande wa ndani wa geti. Kabla ya kurudi nyumbani nilifanya kazi miaka kadhaa katika bustani moja ya burudani huko Ghuba, nikiendesha rolakosta, yale magari ya reli yanayopanda taratibu kisha yakaporomoka. Siku hizi naendesha pembea za sikukuu hapa pwani. Mashine ni tofauti, lakini ikifika magharibi watoto ni wale wale na maombi ni yale yale.

Zawadi ya mwisho wa siku hutoka kwenye kiti kitupu. Kiti kikiwapo na hakuna anayekingojea, mhudumu anaweza kukupa na hakuna aliyepungukiwa. Lakini akiwapo mtu nyuma yako, hata mmoja, unachoomba si zawadi tena, ni zamu yake. Wafundishe wanao hilo kabla hawajapanda ndege, na waanze kwa kugeuza shingo: kabla ya kufungua mdomo kuomba, tazama nyuma kuna nani.

Hesabu yake ni rahisi, na kijana wa miaka 14 ataielewa. Chukua gari la viti 20 linaloachiwa kila baada ya sekunde 90. Kwa saa moja linatoka mara 40, yaani watu 800. Tuseme saa ya kufunga imefika na watu 200 wamo kwenye foleni. Hao ni raundi kumi, dakika 15. Sasa mhudumu awe mwepesi wa huruma, kila raundi aache watu watano wakae vitini wazunguke tena. Viti vinavyobaki ni 15, raundi kumi zinakuwa kumi na nne, na dakika 15 zinakuwa 21. Dakika hizo sita wanazilipa watoto waliosimama nyuma miguu ikiwauma, na wanazilipa wafanyakazi waliokuwa wamesimama tangu mchana. Ndiyo maana katika bustani kubwa kanuni ya kawaida ni kushuka, kutoka, na kuzunguka kuingia upya mlangoni, hata siku ambayo mlangoni hakuna mtu. Wanaoonekana kwenye video wakiachwa vitini walibahatika kukuta usiku mtupu. Hawakushinda mashindano yoyote.

Pengine wanao wakijua kinachotokea jukwaani dakika zile, watamtazama mhudumu kwa jicho jingine. Gari linaingia, vyuma vya kifuani vinafunguka, watu wanashuka kushoto, wengine wanapanda kulia. Kijana wa jukwaani anapita kiti baada ya kiti: anasukuma chuma kishuke, halafu anakivuta juu kwa nguvu kuhakikisha kimeshika. Anafanya hivyo mara mbili kwa mtoto mdogo. Anaangalia kandambili, simu mkononi, mtandio unaoning'inia. Akimaliza ananyoosha kidole gumba kwa mwenzake aliye kwenye meza ya vitufe, na kwenye mashine nyingi gari haliondoki mpaka wote wawili wabonyeze. Kazi hiyo ameirudia mamia ya mara tangu asubuhi, na raundi ya mwisho ndiyo ya hatari zaidi kwake, kwa sababu mwili umechoka na akili inataka kwenda nyumbani. Hapo ndipo baba mmoja anamshika bega kumwomba raundi ya pili, mwingine anampigia mluzi, na mtoto anaruka mstari wa njano kuwahi kiti cha mbele. Niliwahi kusimamisha gari lililokuwa tayari kuondoka kwa sababu watu wawili walikuwa wakinisemesha kwa pamoja na sikuwa na uhakika kama nimevuta chuma cha kiti cha sita. Nilirudi kuanzia kiti cha kwanza. Wote wakangoja.

Kwa hiyo swali la lini kuomba lina uzito kuliko maneno ya kuombea. Usimwombe mhudumu akiwa anakagua vyuma. Muda wake ni pale mwanzo wa jukwaa, anapouliza mko wangapi ili awapange kwenye mistari. Kijana wako ajibu idadi, kisha aseme kwa utulivu kwamba wangependa kukaa mbele ikiwezekana, na wako tayari kungoja gari linalofuata. Sehemu ya pili ndiyo inayofungua mlango. Mtu aliye tayari kungoja hamvurugii mhudumu hesabu: anawasogeza pembeni, anawapitisha wengine, gari linalofuata linawachukua. Anayetaka cha mbele na sasa hivi anamlazimisha kupangua watu waliokwisha pangwa.

Aombe mara moja, na mtu mmoja. Mpango wa wanao wa kumtuma mmoja baada ya mwingine uachwe kabisa, kwa sababu mhudumu anauona tangu mbali, na akishahisi anazungukwa jibu lake ni hapana. Na hapana hiyo huwa na sababu nyingi ambazo hana nafasi ya kuzieleza: mstari wa mbele una kiti kibovu, uzito wa mashua, kwenye michezo ya majini, unatakiwa ugawanywe, msimamizi ameshasema kwenye redio kwamba gari hilo ni la mwisho. Akikataa, waseme asante na wakae walipoelekezwa. Wahenga wetu walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na mtoto aliyejifunza kukubali hapana bila kununa amejifunza jambo kubwa kuliko kiti chochote.

Nakuja kwa shemeji yako, na namheshimu kama mwenyeji wenu. Si kweli kwamba wote hufanya hivyo. Kumtanguliza mtoto mmoja ashike nafasi, kisha watu sita wakamfuata wakipenya kati ya familia nyingine, ni kosa linalojulikana wazi huko. Bustani za Six Flags huliandika kabisa kwenye kanuni zao: kuruka foleni, pamoja na kumshikia mwingine nafasi, kunaweza kukutoa nje ya geti bila kurudishiwa nauli ya mlango. Disney ni wapole zaidi kwa maneno, lakini watu walio nyuma yenu si wapole. Wametoka mbali kama ninyi, wamelipa kama ninyi, na wana watoto waliochoka kama wa kwenu. Mtoto akibanwa na haja katikati ya foleni, atoke na mkubwa mmoja, amweleze mhudumu wa mlangoni, watapewa maelekezo ya kurudi. Hilo ni jambo la kawaida na hakuna atakayewalaumu. Mnaloepuka ni kupanga tangu mwanzo kwamba mmoja asimame kwa niaba ya ukoo mzima huku wengine wakila aiskrimu. Ingieni pamoja, simameni pamoja.

Nimesema haya kwa mkazo kwa sababu najua wapi tamaa hiyo huishia. Mwaka 2013 iliripotiwa Marekani kwamba matajiri walikuwa wakikodi watu wenye ulemavu wawatembeze ndani ya Walt Disney World, ili familia nzima ipitishwe mlango wa msaada bila kupanga foleni. Oktoba mwaka huo huo Disney wakafuta kadi ya zamani ya msaada na kuleta utaratibu mwingine wenye masharti zaidi, na mwaka 2024 masharti yakakazwa tena. Walioumia si wale matajiri. Ni mama mwenye mtoto asiyeweza kustahimili foleni, ambaye sasa lazima ajieleze kwa kirefu mbele ya mgeni kupata kile alichokuwa akipewa kwa neno moja. Kila mara zawadi inapogeuzwa kuwa windo, wanaokosa kwanza ni wale iliyotengewa.

Kuna zawadi nyingine zilizotolewa kwa mdomo tu, bila tikiti wala malipo, na hizi ndizo nilizozipenda zaidi katika historia ya bustani hizo. Disneyland ya California, iliyofunguliwa Julai 17, 1955, ina meli ya gurudumu iitwayo Mark Twain. Kwa miaka mingi aliyemwomba mhudumu kwa heshima, na nafasi ikawapo, alipandishwa chumba cha nahodha juu kabisa, akapiga kengele, akashuka na cheti cha unahodha. Kule Florida nako, walioomba walikuwa wakiruhusiwa kukaa kichwani mwa treni ya reli moja, bega kwa bega na dereva. Hilo la treni halipo tena. Usiku wa kuamkia Julai 5, 2009, baada ya fataki za sikukuu yao ya uhuru, treni mbili ziligongana kituoni wageni wakiwa wanarudi, na dereva mmoja kijana akafa. Tangu hapo abiria hakai mbele, aombe vizuri namna gani. Waambie wanao habari hiyo bila kuwatisha. Mhudumu anaposema kanuni haziruhusu, mara nyingi nyuma ya kanuni hiyo kuna siku iliyoandikwa kwa majonzi.

Sasa tuingie kwenye safari yenyewe, maana adabu bila habari sahihi haimfikishi mtu.

Kwanza mjue siku yenu inaisha saa ngapi hasa. Walt Disney World si bustani moja, ni nne: Magic Kingdom, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom, na kila moja ina saa zake zinazobadilika kila siku. Desemba ina mtego mmoja mkubwa. Usiku mwingi kabla ya Krismasi, Magic Kingdom hufanya sherehe ya tikiti ya pekee, na siku hizo mwenye tikiti ya kawaida siku yake huisha saa kumi na mbili jioni. Wenye tikiti ya sherehe huvaa mkanda wa karatasi mkononi, na wahudumu wanaangalia mikono kwenye milango ya michezo. Familia isiyojua huja na mpango wa kushindania raundi ya mwisho ya saa nne usiku, ikajikuta inaelekezwa njia ya kutokea jua likizama. Dada yako aangalie kalenda ya bustani kabla ya kununua tikiti. Kama lengo la vijana ni usiku, chagueni siku isiyo na sherehe.

Mtego wa pili ni saa za ziada. Siku fulani, baada ya kufunga, Magic Kingdom au EPCOT hubaki wazi saa mbili zaidi kwa wageni waliolala kwenye hoteli za daraja la juu za Disney. Mtakaolala kwa dada yako hamumo. Mhudumu atakagua tikiti au bangili mlangoni na kuwarudisha, na kubishana naye hakuna faida, yeye hana kitufe cha kuwaongeza. Ipo pia njia ya kulipia mlango wa haraka, unaoitwa Lightning Lane. Mnaweza kuinunua au kuiacha. Anayepita mlango huo hajawaibia, amelipia, kwa hiyo watoto wasimzomee.

Baada ya hapo habari njema. Katika bustani za Disney, aliyeingia kwenye foleni kabla ya dakika ya kufunga kwa kawaida huhudumiwa mpaka apande, hata kama ni nusu saa baadaye. Hiyo ndiyo zawadi ya mwisho wa siku iliyo halali kwa kila mtu, na haihitaji kumbembeleza yeyote. Kule Magic Kingdom, umati mkubwa huwa umesimama mbele ya kasri lililo katikati ya bustani kutazama fataki, na wakati huo foleni za mbali na kasri hupungua. Kama vijana wako tayari kuziacha fataki usiku mmoja, au kuzitazama usiku mwingine, watapanda zaidi ndani ya muda huo kuliko kwa hila yoyote waliyoiona kwenye simu. Dakika kumi kabla ya kufunga chagueni mchezo mmoja, mwende taratibu kwa miguu, muingie foleni. Kukimbia hakuruhusiwi na wahudumu huwasimamisha wanaokimbia. Na msipoteze dakika hizo kwenye kofia na zawadi za kununua: maduka ya barabara kuu ya Magic Kingdom hubaki wazi kiasi baada ya michezo kufungwa, mtanunua mkitoka.

Lakini msiende na kanuni hiyo kila mahali. Zipo bustani, Ulaya na Ghuba pia, zinazofunga mlango wa foleni mapema ili mtu wa mwisho awe ameshuka saa ya kufunga inapogonga. Mkipita Dubai njiani, muulize mlangoni asubuhi. Kuuliza si ujinga.

Kama dada yako amepanga wiki kati ya Krismasi na mwaka mpya, nakwambia wazi: hiyo ni kati ya wiki zenye msongamano mkubwa kupita zote za mwaka. Raundi ya pili ya bure sahauni. Wiki za mwanzo wa Desemba zina nafasi zaidi, na hapo kiti cha mbele kinaombeka.

Sasa raundi ya pili ya halali, ambayo wengi hawaijui. Kitinda mimba wako hataruhusiwa kwenye baadhi ya michezo kwa sababu ya urefu. Disney wana utaratibu wa wazazi kupokezana: mkubwa mmoja anapanda na watoto wakubwa, wewe unabaki na mdogo, kisha wewe unaingia bila kuanza foleni upya, na mara nyingi unaruhusiwa kuingia na mwenzako mmoja. Mwenzako huyo anaweza kuwa mwanao aliyekwisha panda. Basi kijana amepata mara mbili, mlango wa mbele, kwa baraka za wenye bustani. Mwambieni mhudumu mlangoni kabla ya kuingia, kundi zima likiwa mbele yake, mtoto mdogo pia, kwa sababu lazima amwone. Tumieni zamu hiyo kwa haki baina ya wale wawili: mchezo huu zamu ya yule wa miaka 11, ule mwingine zamu ya yule wa miaka 14. Msipoamua mapema mtaamua mkiwa jukwaani, na ugomvi wa ndugu jukwaani ni mchungu kuliko wa majirani.

Jambo la fedha nalitaja kwa sababu sisi tumelizoea. Usimpe mhudumu kitu mkononi ili awapendelee. Wengi wao hawaruhusiwi kupokea, na unayemwekea noti mfukoni unamweka kwenye hatari ya kazi yake. Nilipokuwa Ghuba baba mmoja alinikunjia noti ndani ya kiganja tukipeana mkono, mbele ya watoto wake. Nilimrudishia. Aliona nimemdharau, kumbe kamera ilikuwa juu yetu na mke wangu alikuwa akingoja mshahara huku nyumbani. Ukitaka kumlipa mhudumu aliyewatendea wema, soma jina lake kwenye kibandiko kifuani, kisha mtume mwanao akaliandike. Kwenye programu ya simu ya Disney kuna sehemu ya kumsifu mfanyakazi kwa jina, na ofisi ya huduma kwa wageni pia hupokea sifa. Sifa hiyo humfikia mkubwa wake. Mimi nilishapandishwa cheo kwa barua ya bibi mmoja nisiyemkumbuka sura.

Umeuliza kuhusu kushindana, na najua kuna saa ambapo mmefika pamoja na familia nyingine na kiti ni kimoja. Aliyetangulia getini ndiye mwenye haki, hilo halina mjadala, hata kama ametangulia kwa hatua mbili. Mkifika sawasawa, yule ambaye hajapanda hata mara moja siku hiyo apewe. Na mstari wa mbele mara nyingi una viti viwili au vinne, kwa hiyo kugawana kunawezekana kuliko watu wanavyofikiri. Jioni moja nilikuwa na gari la mwisho, mstari wa mbele wa viti viwili, na baba wawili waliokuwa wameanza kupandishiana sauti. Binti wa mmoja, labda wa miaka kumi, alimwuliza binti wa mwingine kama anaogopa. Akasema kidogo. Wakashikana mikono wakaenda kukaa mbele wao wawili, na baba wakabaki nyuma hawana la kusema. Kwa hiyo wanao wajue wanaweza kuwa wa kwanza kusema, "Mmoja wetu, mmoja wenu."

Hilo linanirudisha nyumbani, kwenye ugomvi wenu wa Idi, na hapa nadhani lawama si ya watoto peke yao. Pembea zetu nyingi hazina saa ya kufunga iliyoandikwa. Kijana anayesukuma amesukuma tangu baada ya swala ya Idi, mikono imevimba, na kila akisema hii ya mwisho anapewa sarafu nyingine na inakuwa si ya mwisho. Watoto wameshajua kwamba neno lake halisimami, basi kila mmoja anang'ang'ania. Mimi kwenye pembea zangu hutangaza mapema, adhana ya magharibi ikikaribia, kwamba zimebaki raundi tatu, na nagawa vipande vya karatasi vyenye namba kwa walio kwenye laini. Aliye na karatasi atapanda. Asiye nayo namwambia hapo hapo, akiwa bado na pesa yake mkononi, aende akanunue mabuyu au achari asisimame bure. Wadogo wanapanda raundi ya kwanza ya hizo tatu, kwa sababu wao ndio wanaolala mabegani. Tangu nianze karatasi hizo sijaamua ugomvi wa ngumi. Zungumza na mwenye pembea wa mtaani kwenu, kabla ya Idi ijayo, ajaribu. Mzazi akienda na ombi kama hilo kwa heshima husikilizwa kuliko anavyodhani.

Na kwa wanao na watoto wa jirani: msingoje Florida kuanza mazoezi. Jioni yoyote mkiwapeleka kucheza Buntwani, hapo hapo Malindi, waachie wao wapange zamu, ukae mbali uwatazame. Mkubwa aombe mara moja, akikataliwa aseme sawa. Ukiona amenuna, usimnunulie kitu cha kumpoza.

Imebaki habari ya kitinda mimba. Usiku ule wa mwisho asikeshe. Mtoto wa miaka mitano saa nne usiku ni kilio, na njia ya kutoka Magic Kingdom ni ndefu: watu wengi huvuka kwa feri au ile treni ya reli moja kwenda kwenye maegesho, na wote hutoka kwa pamoja. Mkubwa mmoja aondoke naye mapema, aliyebaki aende na wale wawili. Na ili asivunjike moyo mlangoni, mpime leo ukutani akiwa amevaa viatu atakavyosafiri navyo, mweke alama kwa penseli. Kwenye rolakosta za huko, sentimita 97 zinamruhusu kupanda Seven Dwarfs Mine Train. Guardians of the Galaxy kule EPCOT ni 107. Space Mountain ni 112, na Tron ni 122. Wanapima kwa kijiti mlangoni na hawaongezi hata kidole kimoja, kwa hiyo nywele zisifungwe juu kwa kumdanganya mhudumu. Mwonyeshe alama hizo nne sasa hivi, ajue zipi ni zake mwaka huu na zipi zinamngoja.